Kigongo cha Mchezaji Asiyekuwepo

Jumatatu, 7 Septemba 1953. Temeke.

Siku ya kumi na nane bila Genoveva. Ugali umenishinda tena. Chini mkaa, juu uji.

Mke wangu yuko Kinondoni kwa kaka yake Wilbert, yule karani. Kisa? Mabati! Niliwatangazia watu wa kigango kwamba nimeezeka nyumba yangu kwa mabati, waje na Padri kuibariki. Wakaja, maji ya baraka mkononi. Wakakuta makuti. Mie mabati nilikwisha kuyaona kichwani, yanang'aa. Genoveva aliona aibu tu. Akafunga mzigo siku ileile.

Leo mpwa wangu Yuliana, apikaye vitumbua nyumba ya pili, kaleta ujumbe wa Genoveva. Nitamke neno moja, lolote, kisha liwe. Basi. Hata nikisema kesho nitajaza mtungi, nikaujaza, atarudi.

Mtungi! Mie! Niliyemzaba chui kofi kule Masasi hadi akanipisha njia!

Nimejibu hivi: Jumapili sie wa stoo ya mbao tunacheza kriketi na makarani. Bwana wa stoo, Mzungu apendaye mchezo ule, katuandikisha sote. Nitapiga mpira nikimbie, nipate mikimbio hamsini. Genoveva aje ahesabu.

Yuliana kaniuliza kama nimewahi kupata hata mmoja. Mama wa watoto watatu, adabu hana.

Jumanne, 8 Septemba.

Nimekwenda Chang'ombe kwa fundi Anselmo, Mmakonde wa Newala. Ndiye achongaye vigongo vya timu yetu, vya kupigia mpira. Nikamwagiza kimoja cha kufa mtu.

Kaniuliza nachezaje. Nikasema vizuri. Akasema hakuulizia hilo. Anayekwenda mbele kuufuata mpira, tumbo la kigongo, yaani pale penye mbao nene, liwe chini. Anayerudi nyuma kuungoja udunde na kuruka, tumbo liwe juu. Tena pale uwanjani Chang'ombe panatandikwa mkeka wa kumbi za nazi juu ya ardhi ngumu, mpira unaruka hadi kifuani. Mie nirudi nyuma? Nikamwambia mie Adelard sijawahi kurudi nyuma, hata mbele ya kifaru. Akasema kifaru hatupi mpira.

Kisha: "Kaka, kigongo hakichongwi kwa maneno. Kinachongwa kwa alama." Nikaupake mpira mkaa, nicheze na kigongo kikuukuu cha timu, nimletee aone unagonga wapi.

Alhamisi, 10 Septemba.

Jaribio. Yuliana alinitupia mpira nyuma ya nyumba, huku kitumbua kikiungua. Mara ishirini.

Alama za mkaa: tatu kwenye mpini. Mbili kwenye vidole vyangu. Moja mgongoni mwa kigongo, ilifikaje sijui. Moja kwenye shati la Misa. Zilizobaki ukutani kwa jirani.

Yuliana kasema sasa nimpelekee fundi hivyohivyo, atanionea huruma achonge cha kunifaa.

Huruma!

Nimekisugua kigongo kwa sabuni. Kisha nikachukua mpira, nikapiga alama kwa mkono wangu, taratibu, kama posta wanavyopiga muhuri. Tisa. Zote chini, zote katikati. Nilipomaliza nilikitazama kwa muda. Mchezaji mzuri sana yule. Nilimwonea fahari.

Ijumaa, 11 Septemba.

Anselmo kazitazama alama hadi nikatokwa jasho. Akasema katika maisha yake hajaona mtu wa namna hiyo, kila mpira mahali pamoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye atachonga anachoonyeshwa. Mvule, tumbo chini kabisa. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema mara tatu.

Jumapili, 13 Septemba.

Baada ya Misa, Chang'ombe. Kigongo kilikuwa kizuri mno! Kizito chini kama mama mjamzito. Watu walikishika, wakakipapasa. Genoveva alikaa upande wa makarani chini ya mwavuli. Hakunipungia mkono. Lakini alikuwa na karatasi na penseli. Alikuja kuhesabu kweli.

Mtupaji wao ni nani? Shemeji Wilbert! Kavaa suruali nyeupe, kaipiga pasi. Kanisalimia kwa heshima zote, shikamoo shemeji, hali yako, halafu akarudi nyuma hatua kumi.

Mpira wa kwanza nilikwenda mbele, kama yule mchezaji wa alama zangu. Ukadunda kwenye mkeka, ukapanda. Kigongo bado kiko chini, kizito, hakitaki kuamka. Ukanipiga ubavuni. Makarani wakapiga kelele: "Mzee, hicho kigongo au mwiko?"

Wa pili nilikiinua kwa mikono na magoti. Mpira ukagonga juu kabisa, pale palipo pembamba kama ukucha. Ukapaa kidogo, ukamshukia Wilbert mkononi. Kama kitumbua kwenye sahani.

Ukishadakwa hewani, umetoka. Sifuri.

Genoveva alikunja karatasi bila kuandika kitu. Alipopita nilimwambia kwamba jua lilikuwa machoni. Akasema jua liko nyuma yako, Baba. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali.

Kwenda nyumbani ni mwendo mfupi. Leo umekuwa mrefu.

Jumanne, 15 Septemba.

Sijala. Ubavu unauma.

Yuliana kaleta ujumbe mwingine. Jumamosi saa sita Genoveva atakuja kuchukua cherehani yake. Niseme tu kama nitakuwepo. Nikisema nipo, akanikuta nipo, cherehani itabaki na yeye atabaki.

Yuliana kanishika mkono. "Mjomba, nakusihi. Ni kukaa tu. Unakaa kwenye kiti."

Nimejibu nitakuwepo. Tena atanikuta nimesimama mlangoni, na kigongo kipya begani!

Yuliana kafumba macho.

Ijumaa, 18 Septemba.

Anselmo kakubali kuchonga cha pili, tumbo juu. Sasa ndiyo nimetambua: mie ni mchezaji wa nyuma. Nilikuwa hivyo tangu zamani. Ila mvule ni mzito, na mbao nyepesi imemwishia. Iko kwa mtu mmoja Kimbiji, darini, imekauka miaka minne. Atakwenda kuichukua wiki ijayo, nisiwe na haraka.

Wiki ijayo! Nitavuka kwa pantoni ya kwanza kesho, saa nne nimegeuza, saa tano na nusu niko nyumbani. Genoveva aone mbao yenyewe kwa macho yake. Si maneno tena.

Jumamosi, 19 Septemba.

Mbao nimeipata. Nyepesi, safi, nyeupe kama muhogo.

Lori la kurudi lilizama mchangani. Tulisukuma. Likazama tena. Dereva aliniambia nipakue mzigo wangu, nikamwambia heri nipakuliwe mie. Nimefika Temeke saa kumi na moja.

Mahali pa cherehani pana mraba usio na vumbi.

Yuliana alisimulia huku akiendelea kukoroga unga. Genoveva alifika saa sita. Akasema labda saa ya Mjomba iko nyuma. Akakaa kwenye kiti changu. Saa saba akawasha moto, akapika ugali na dagaa. Saa tisa akaufunika. Akamwita mchukuzi wa mkokoteni.

Nilimwuliza kasema nini. Yuliana akajibu kwamba Genoveva alimwuliza tu kama ujumbe wa saa sita ulinifikia.

Ugali nimeula. Ulikuwa umepoa. Chini hauna mkaa.

Jumapili, 20 Septemba.

Nimefikiri sana wakati wa mahubiri. Kosa ni la lori. Na la Genoveva pia kidogo, mtu husubiri.

Nimemwambia Yuliana apeleke salamu: kufikia Krismasi mikimbio mia moja, na cherehani ya pili, ya kukanyaga kwa miguu. Yuliana kasema hapeleki tena maneno yangu, yamemchosha miguu. Haya. Nitakwenda mwenyewe Kinondoni, kesho nikitoka kazini. Saa kumi na moja kamili nitakuwa mlangoni kwa Wilbert. Nimekwisha kumtuma jirani amwambie Genoveva hivyo, kwa kiapo.

Nitapitia kwa Anselmo kwanza kumpa mbao. Dakika tano tu. Labda nimngoje aanze kuchonga.