Mkono Uliobaki Kazini

Ambilikile hakuwa na mkono wa kushoto, hakuwa na kazi, hakuwa na gari lake mwenyewe, na usingizi nao ulikuwa umemkimbia. Kwa hiyo alifurahi sana pale ghala alilowahi kufanyia kazi, huko Grand Prairie, lilipotangaza kuzaliwa kwa Idara ya Uhakiki wa Viungo Visivyokuwepo, chini ya uongozi imara wa Bwana Sheldon.

Mkono ulichukuliwa na roboti ya kupanga maboksi, mwaka juzi, roboti ikiwa bado mgeni kazini. Roboti ilipewa mapumziko ya matengenezo. Ambilikile alipewa kadi ya pole. Sasa alitaka kitu kimoja tu: kile kiti cha getini, cha kukagua malori, kilichotengwa kwa walemavu. Angekipata, mkewe Pelagia angeacha zamu ya pili ya kuogesha wazee kule Arlington. Mgongo wake ulishaanza kugoma.

Bwana Sheldon alisoma kompyuta kwa heshima.

"Mfumo unasema mkono wako uko kazini. Uliingia mwaka juzi, kwa dole gumba la kushoto kwenye mashine ya mahudhurio. Haujatoka. Kwa hiyo wewe si mlemavu."

"Bosi, ulikatika."

"Ungekatika, ungeonyesha umetoka. Mfumo haukosei."

Hoja nzito. Ambilikile aliitafakari hadi kwenye maegesho, Pelagia alikokuwa akimsubiri ndani ya gari.

"Baba Angel, kwa nini ulisajili la kushoto? Wenzako wote wameweka la kulia!"

"Mama Angel, mashine ile inashikwa na kila mtu. Mkono wa kulia nasalimia nao wachungaji, nakula nao ugali. Niupeleke pale?"

"Haya, wachungaji umewaheshimu. Kiti hatuna."

Angel, kwenye siti ya nyuma, hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Dad, your hand has a job. You don't."

Mkono una kazi, mwenyewe hana: Pelagia alicheka mpaka akaushika mgongo.

Mwezi uliofuata, kwa mujibu wa Kanuni ya Uaminifu, mfumo ulimpandisha cheo mfanyakazi ambaye hajawahi kutoka kazini hata kwenda chooni. Mkono wa Ambilikile ukawa Msimamizi Mkuu. Picha ya dole gumba ilitundikwa ukutani. Idara zote ziliwekwa chini yake, na hakuna aliyepata ruhusa bila alama yake.

Ijumaa asubuhi Bwana Sheldon alibisha hodi kwa akina Ambilikile, jasho likimtoka. Binti yake alikuwa anaolewa Houston kesho yake. Akienda bila ruhusa, kazi hana.

"Niwekee dole gumba, tafadhali."

"La kushoto? Liko kazini, bosi. Mfumo haukosei."

"Ambilikile, wewe na mimi tunajua halipo!"

"Mimi najua. Makao makuu Houston ndio hawajui. Waandikie, kisha uipeleke barua mwenyewe. Hapo itakuwa safari ya kikazi, hakuna ruhusa inayotakiwa."

Pelagia alikuwa ameshaleta karatasi, na chai. Sheldon aliandika kwamba mkono haupo, na kwamba kiti cha getini apewe Ambilikile.

"Andika na jina la aliyesema mkono uko kazini," Pelagia alisema, akimwongezea sukari.

Sheldon akaandika jina lake mwenyewe.

Ambilikile aliibana bahasha mezani kwa mkono wa kulia, ule wa wachungaji. Bosi akailamba, akaifunga, akaondoka nayo mbio kuelekea Houston.