Posho ya Kuitikia Shikamoo

Ieleweke kwa wakubwa na wadogo kwamba hadithi hii inahusu utumishi wa umma, moyo wa kujitolea na mapenzi kwa wananchi. Ina mafunzo mazito. Tafadhali simama wima unapoisoma.

Haya, kaa. Inahusu posho.

Palikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Sabuni, si kwa usafi bali kwa sababu alikuwa hashikiki. Alikuwa na sura ya kupendeza, ulimi wa asali na akili kama wembe. Msimulizi hana upendeleo, anasema tu yaliyopo. Ujanja aliuanza bwenini, alipokuwa akiwaandikia wenzake barua za ruhusa kwa mwandiko wa mkuu wa shule, tena kwa Kiswahili bora kuliko cha mkuu mwenyewe.

Jumatatu moja Sabuni alibanwa na haja ndogo karibu na ofisi za halmashauri, akazunguka nyuma ya tangi la maji. Katikati ya shughuli akainua macho, akakutana na tangazo: "Wananchi wote mnakaribishwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kutoa maoni juu ya mishahara na posho za madiwani." Lilikuwa limebandikwa kwa kufuata sheria zote, mahali ambapo mwananchi hufika kwa jambo moja tu, tena akiwa na haraka.

"Watu wanaojificha namna hii," Sabuni akajiambia huku akipandisha zipu, "wanahitaji msaada wangu."

Alhamisi akaingia ukumbini na suti ya kuazima, miwani isiyo na vioo na mkoba mweusi wenye tofali ndani, maana mtaalamu mwenye mkoba mwepesi haaminiki.

Madiwani walikuwa kumi na wawili, na Mwenyekiti wao alikalia mito mitatu. Katikati yao alipita mama wa chai, sinia mkono huu, karatasi ya mahudhurio mkono ule. Karani alikuwa mvivu wa kutembea, basi ikawa ndiyo desturi: unapokea kikombe, unatia saini, unapuliza. Saini ndiyo posho. Bila saini hukuwepo, hata kama ulikoroma mpaka watu wa nje wakakusikia. Waheshimiwa walisaini bila kutazama, kama mtu anavyojikuna.

"Nani wewe?" Mwenyekiti akauliza.

"Mshauri Mwelekezi wa Masuala ya Stahiki, mheshimiwa. Nimewafanyia utafiti miaka miwili. Nimelia mara tatu."

"Ulilia nini?"

"Mnapunjwa."

Ukumbi mzima ukaguna kwa uchungu. Hatimaye mtu aliyewaelewa!

"Posho ya kuja kikaoni mnayo," Sabuni akaendelea. "Ya kuondoka je?"

Wakatazamana. "Hatuna."

"Yaani mnaondoka bure? Watu wazima na akili zenu? Na mtu akikuamkia njiani, nani anakulipa kwa kuitikia?"

Diwani wa sokoni, mama mwenye pete kila kidole, akapiga meza. "Jamani! Mimi naitikia shikamoo mia kwa siku! Marahaba, marahaba, kutwa nzima, koo limechanika, hata senti sijaiona!"

"Posho ya marahaba," Sabuni akaandika, uso ameuinamisha kama yuko msibani.

"Na kucheka?" akauliza diwani mwembamba, akimtupia Mwenyekiti jicho la pembeni. "Kuna watu humu wanapenda kutania. Sisi tunacheka kwa nguvu zetu zote."

"Hiyo tunaiweka kwenye mazingira magumu."

Orodha ilipofika ukurasa wa tatu, Sabuni akafunga kalamu. Ilibaki gharama ndogo tu, alisema, ya kuharakisha muhuri huko juu. Kila mheshimiwa atoe nusu ya posho ya mwezi. Taslimu. Leo.

"Na fedha za kulipa hizo posho mpya zitatoka wapi?" Diwani mwembamba alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali.

Sabuni akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye sinia. "Hapa hapa. Futeni nafasi ya mama huyu. Kila mtu aje na chupa yake ya chai."

Mama wa chai alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na miezi saba ya mwisho hajaona mshahara, eti fungu halijaingia. Aliutazama mkoba mweusi, akausogeza kidogo kwa mguu ili apite, akainama.

"Sawa, mwanangu. Sukari vijiko vingapi?"

"Vitatu, mama."

Akamtilia vitatu, akakoroga taratibu, akatoka.

Hapo Sabuni angekimbia. Mtu uliyemfukuza kazi akikukorogea chai kwa upole, usisubiri ipoe. Lakini mjanja akishaona noti, masikio huziba. Na noti zilichelewa: waheshimiwa walibishana saa nzima nani ana watoto wengi, nani ana mkopo, nani atoe robo. Zilipoanza kudondoka mkobani, mama wa chai alirudi na sinia la pili, na karatasi nyingine ambayo juu yake, kwa bahati, lilikuwa limekaa kopo la sukari.

"Mahudhurio tena?" Mwenyekiti akauliza.

"Mmezidisha saa moja, waheshimiwa. Nikajua ni vikao viwili."

"Huyu mama tutamkumbuka," akasema diwani wa sokoni, akasaini. Wakasaini wote. "Na wewe mtaalamu, usiache haki yako!"

Sabuni akaiona nafasi ya kumi na tatu, tupu, inamwita. Akasaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukazunguka mara mbili.

Mama wa chai akatangulia nje na karatasi. Kisha Sabuni akafunga mkoba, akaaga, akafungua mlango.

Soko zima lilikuwa limesimama pale nje. Tangazo lilikuwa limehama kutoka nyuma ya tangi hadi kwenye lango la soko. Mbele kabisa alisimama muuza mitumba na kipaza sauti chake, na mama wa chai akampa karatasi.

"Haya haya haya, sogea sogea!" muuza mitumba akaanza, kwa mazoea. "Sisi tuliotia saini hapa chini, kwa hiari yetu, tumekataa nyongeza yoyote ya posho mwaka huu! Fedha tulizochanga leo, zilizomo kwenye mkoba mweusi, ni mshahara wa miezi saba wa mama wa chai, na kazi yake haiguswi! Naye mshauri wetu, kwa kuguswa mno, amejitolea kuosha vikombe vya halmashauri miezi sita bila malipo!"

Vigelegele vikapasua anga.

"Tuseme hatukuisoma!" diwani mwembamba akanong'ona.

"Tukisema tunasaini bila kusoma," Mwenyekiti akamjibu meno yamebana, "watataka kuona na mahudhurio ya mwaka mzima. Na uchaguzi huo unakuja. Piga makofi, mjinga wewe!" Kisha akapaza sauti: "Ndugu wananchi! Tulikubaliana kwa kauli moja!"

Sabuni akatazama mlango: watu. Akatazama dirisha: watu, na mmoja wao anamwombea baraka.

"Lete mkoba, mwanangu," mama wa chai akasema. "Tofali baki nalo."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Msimulizi aliyapata kwa watu wa kuaminika. Yeye mwenyewe hakuwepo, wala huyo Sabuni hamjui hata kwa sura.

"Hukuwepo?"

Ni mama wa chai, amesimama nyuma yangu, amesoma mpaka hapa. "Kama humjui kwa sura, hiyo ya kupendeza umeitoa wapi? Na mbona karatasi ina povu?"

Haya. Ni mimi. Huu ni mwezi wa nne, vidole vimenyauka kama zabibu kavu, na vikombe kumi na tatu vya leo bado viko kwenye karai. Mama anasema nikikiri kwa maandishi na kutia saini, atafikiria kuniachia mapema. Ana moyo wa pekee, mama huyu. Ameniwekea karatasi hapa mezani, nami nimesaini papo hapo, mkia umezunguka mara mbili.

Ndipo alipoondoa kopo la sukari.