Barafu ya Chai ya Bibi

Jumatatu, 7 Julai

Nakiri hapa, na sijakiri mahali pengine popote: nimedanganya kuhusu handaki letu la baridi, lile tulilochimba kwenye ardhi iliyoganda ili kuhifadhi chakula. Nilimwambia Marfa Gavrilyevna, mkuu wa watafiti, kwamba kijiji kizima hakuna linalolishinda. Uongo mtupu. Linavuja tangu mwaka juzi. Kuta zinatoa jasho, sakafu ni tope, na nyama ya farasi tunaila haraka kabla haijanuka.

Na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake! Tangu watafiti waje kutoka mji wa Yakutsk, nimekuwa nikizungumza na viatu vyake tu.

Wamechimba kinamasini na kutoa mboji iliyoganda, nyeusi kama masizi. Chini ya mboji wamekata barafu ya ardhini kwa msumeno, matofali matatu, kila moja kwenye mfuko wake. Marfa Gavrilyevna anasema mboji inakumbuka viangazi, maana ndani yake mna chavua na mizizi ya kila kilichowahi kuota hapa. Barafu inakumbuka majira ya baridi: ni theluji iliyoyeyuka ikaingia kwenye nyufa za ardhi na kuganda humo, kabla babu zetu hawajafika na farasi wao. Ukivisoma vyote viwili unajua hali ya hewa ya zamani. Vikiyeyuka, umepoteza vyote. Kwa hiyo vikae kwenye baridi mpaka boti ifike.

Vitakaa kwetu. Mimi ndiye mlinzi!

Vuli Marfa Gavrilyevna atachukua kijana mmoja wa hapa akafanye kazi maabara. Mimi au binamu yangu Tuyaara, basi. Tuyaara anacheka na watafiti wote, anabeba mizigo kama dume. Leo kaniuliza mbele za watu ulimi wangu umegandia wapi, aniletee shoka. Wakacheka. Handaki la kwao ni refu, kavu, baridi ya kukata masikio. Hakusema kabla yangu, hilo tu.

Nikikosa nafasi hii, ni mimi na ng'ombe wa Bibi mpaka nizeeke.

Jumanne, 8 Julai

Nimepewa kipimajoto nikitundike handakini na kuripoti kila asubuhi. Kiko juu ya sifuri. Nikaripoti chini ya sifuri, chini kabisa. Marfa Gavrilyevna akaniita mwanangu, akasema safi sana. Masikio yaliniwaka moto.

Lakini mimi si mjinga. Nilipata alama nzuri za kemia. Barafu ukiitia chumvi inazidi kuwa baridi, mwalimu alituonyesha. Bibi ana gunia la chumvi ya samaki. Ana pia barafu yake ya kuyeyusha maji ya chai, ile tuliyoikata ziwani Novemba, matofali meupe ya kutosha kiangazi chote. Nimeipanga kuzunguka mboji na barafu ya watafiti, nikamwaga chumvi gunia zima.

Baridi ikashuka palepale! Nilicheza peke yangu gizani.

Alhamisi, 10 Julai

Mwalimu hakutuambia kwamba baadaye inayeyuka yote.

Barafu ya chai imekwisha. Kazi ya wanaume na farasi wao siku nzima, imekuwa dimbwi la chumvi. Bibi alichota maji yake bila kujua, akachemsha, akaonja, akauliza ni nani aliyemimina bahari ndani ya chai yake. Nikasema labda ng'ombe. Hata ng'ombe alinitazama.

Tuyaara kaja bila kuitwa, akashuka handakini, akazama hadi kifundo cha mguu. Nikamwambia nilikuwa nadeki. Hakucheka, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini tuhamishie kila kitu kwao leo leo, yeye atabeba, na hatamwambia mtu. "Kunnei, dada yangu, mimi nataka ile kazi, lakini si hivi."

Mjanja huyo! Anataka vikutwe kwake ili asifiwe yeye. Nikamwambia aondoke, ananipashia joto handaki kwa pumzi zake.

Ijumaa, 11 Julai



Bibi alimwalika Marfa Gavrilyevna chai. Akaulisha moto kwanza, kijiko kimoja cha chai na kipande cha mkate, kama mila yetu inavyotaka. Akammiminia mgeni chai ya maziwa. Mgeni akanywa, akasema kwa adabu kwamba ina harufu kidogo ya udongo, inamkumbusha utoto wake. Bibi akamwomba radhi, akasema barafu ya miaka hii imekuwa chafu, mwanangu, hata ya kunywa mtu hapati.

Barafu ipi? Nilijiuliza. Tumebaki na barafu ipi?

Ndipo nikaiona. Juu ya jiko, kwenye kamba, mifuko ya nailoni mitatu imeoshwa na kuanikwa. Bibi hatupi mfuko. Na juu ya nailoni, mwandiko wa Marfa Gavrilyevna mwenyewe: kinamasi, kina, tarehe.

Nilisimama mbele ya kamba ile muda wote wa chai. Bibi kaniambia nikae, nikasema mgongo unaniuma. Mgeni kaniambia nikae, nikatazama viatu vyake. Alikunywa majira ya baridi aliyokuja kuyatafuta, akaomba kikombe kingine.

Alipoondoka, Bibi akanigombeza kuhusu barafu. Nani anafunga barafu ya chai kwenye nailoni kama nyama? Na kwa nini niliificha nyuma?

Jumapili, 13 Julai

Nimepata dawa. Barafu ya ardhini ni barafu ya ardhini, sivyo?

Chini ya makaburi ukingo wa mto umemomonyoka, na ndani yake barafu imejitokeza kama ukuta, kijivu, ina mistari. Hakuna anayekwenda pale. Bibi husema hatupigi chuma karibu na waliolala. Mimi sikupiga. Nilikata tu, kwa msumeno wa marehemu Babu, polepole. Matofali matatu yakanitosha. Maji yalikuwa yakidondoka shingoni mwangu, na juu kabisa niliona ncha ya uzio wa kaburi lake ukiwa umeinama. Nikamwambia Babu samahani, ni kwa ajili ya elimu.

Nimeyatia kwenye mifuko ile ile na kuyafunika kwa koti la manyoya la Bibi. Manyoya hayajali kilicho ndani. Yakikuta joto yanatunza joto, yakikuta baridi yanatunza baridi. Msumeno nimeusahau kule. Kesho nitaufuata.

Jumatatu, 14 Julai

Mvua usiku kucha. Asubuhi baba yake Tuyaara kaja, kavua kofia mlangoni. Ukingo umeanguka. Makaburi kadhaa yamekwenda na mto. La Babu ndilo la kwanza.

Bibi alikaa kitandani amefunga kitambaa chake cha kutokea. Hakulia. Akauliza msumeno wa Babu uko wapi, anataka kitu chake kimoja cha kushika.

Nikasema sijui.

Watu wanasema ni mvua. Wanasema ni joto la miaka hii, kila mwaka mto unakula. Ni kweli. Ni matofali matatu tu, na ukuta ule ulikuwa mrefu sana. Nimeuwaza siku nzima urefu wake.

Jumatano, 16 Julai

Boti imefika. Marfa Gavrilyevna akagusa mboji, ikabonyea kama uji. Akafumba macho. Akasema chavua bado itasomeka, lakini tegemeo sasa ni barafu. Akafunua koti. Barafu ngumu, kavu! Akanikumbatia mbele ya wote. Akasema kazi ni yangu.

Tuyaara akamwambia waziwazi kwamba handaki letu lina maji, akague vizuri. Watu wakaguna, wivu huo. Akanitazama mimi, wala si kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Marfa Gavrilyevna anasema barafu hii ndiyo itakayowekwa mbele ya wakubwa wa wilaya, waamue kama kijiji kihamishwe juu kabla nyumba hazijafuata makaburi. Ya kwetu imeinama tayari. Lakini wataipima kwanza, na kama haikutoka pale palipoandikwa kwenye mfuko, itajulikana mara moja.

Nimeshafikiria. Vuli nitakuwa ndani ya maabara, na nitaomba nipewe ufunguo wa friji. Majokofu huharibika. Matofali yakiyeyuka pale, nani atasema ni mimi?

Bibi amenipa koti lake niende nalo mjini. Ameshangaa mgongoni limelowa.

Umeyasikia yote, na ni wewe peke yako. Nakuomba, usimwambie mtu.