Kiyoyozi Kinachosusa

Jumatatu, 12 Januari

Nina miaka themanini na tatu. Nimewazika mbwa saba na madaktari wawili walionikataza sigara. Shimo la kuchimbia vito vya opali liliniporomokea mara mbili, na mara zote nikatoka na kofia yangu kichwani. Gari haliwezi kunishinda.

Lakini leo limenitisha. Tulikuwa tunatoka dukani mimi na Verna, mke wangu, nje joto nyuzi arobaini na sita. Kiyoyozi kikapuliza baridi mpaka kona ya makaburi, kisha kikasusa. Hewa ya tanuri. Verna akawa rangi ya majivu, wala hakulalamika. Verna akilalamika nalala usingizi. Akinyamaza, chakula hakipiti.

Nesi amesema moyo wake hautaki joto kabisa. Na Ijumaa lazima aonwe na daktari wa moyo mjini Port Augusta. Kilomita mia tano na arobaini, katikati nzi watupu. Verna akasema kwa upole kwamba Drago, jirani yetu, amejitolea kumpeleka kwa gari lake jipya. Drago huyohuyo aliyepata opali hatua tatu kutoka nilipoacha kuchimba mimi, na hajanyamaza mpaka leo. Nikasema mke wangu nitampeleka mwenyewe. Nina mpaka Ijumaa.

Jumanne, 13 Januari

Nimeliingiza gari gereji, ambayo kama nyumba yetu imechimbwa ndani ya mwamba, ubaridi saa zote. Nikafungua kiriba cha maji kinachoning'inia mbele ya gari, kile cha turubai alichoniachia baba. Nikanywa, nikakitundika msumarini. Nikawasha kiyoyozi. Baridi kama chumba cha nyama buchani. Nikabadilisha fyuzi moja hata hivyo, isije ikasemwa sikufanya kitu. Nikamwita Verna aje ashike hewa kwa mkono. Akashika, akasema vizuri. Nikamwambia kazi imekwisha.

Mchana nikajaza kiriba, nikakirudisha mahali pake. Kimeufunika uso wote wa gari, kinapendeza. Nikatoka peke yangu kujaribu. Kona ya makaburi. Tanuri.

Nimemwambia Verna mambo shwari. Saa nane za usiku bado niko macho. Ni kahawa.

Jumatano, 14 Januari

Nimenunua kopo la gesi ya kiyoyozi. Maandishi yake ni madogo, na mimi sihitaji maandishi. Nimejaza kwa kusikiliza. Likapiga kelele kama nyoka, likanyamaza.

Drago akaja na kikombe chake cha kahawa, akachungulia, akacheka. Akasema, "Mzee Clarrie, umeliziba gari pua kwa gunia, halafu unashangaa halipumui?" Nikamweleza kwamba kiriba hicho kilivuka jangwa na baba yangu, na kwamba upepo wa mbele ndio unaopoza maji, kwa hiyo hapo ndipo mahali pake. Akauliza, "Na gari la baba yako lilikuwa na kiyoyozi?"

Nikainamia injini. Nilikuwa na kazi.

Wivu tu. Yeye hana kiriba.

Alhamisi, 15 Januari

Alfajiri nimetoa upepo kwenye tairi moja la gari la Drago. Sasa hakuna wa kumpeleka Verna ila mimi. Nikanywa chai kwa raha.

Raha haikufika saa nne. Nimemkuta Verna ameketi kitandani, mkono kifuani, begi limefungwa nusu. Akasema ni uchovu tu. Jasho likanitoka, na humu ndani hakuna joto. Gari langu likisusa kesho, nani atampeleka? Gari la akiba nimelilaza mwenyewe. Nikachukua pampu, nikakimbia, kama mtu wa umri wangu anavyokimbia. Drago akanikuta nimechuchumaa najaza. Macho yakamlowa. Akasema miaka yote hii hakujua mimi ni jirani wa namna hiyo. Akanipa soseji alizotengeneza mwenyewe. Ni tamu, jambo lililoniudhi.

Baadaye nikamwona anateta na Verna mlangoni, ananyoosha kidole kwenye gari langu. Nadhani alikuwa ananisifu.

Ijumaa, 16 Januari

Tumeondoka alfajiri. Baridi safi. Nikapiga mluzi. Jua lilipopanda, tukiwa kilomita mia mbili kutoka nyumbani, kikasusa. Verna akafumba macho. Nikamwita. Akaitika kwa kidole kimoja. Nikasimamisha gari. Hapana nyumba, hapana kivuli. Hata nilipofukiwa na shimo sikuogopa hivyo.

Akasema taratibu, "Clarrie, nifungulie kile kiriba, nikipakate." Angeniomba tairi ningempa. Nikakifungua, nikamwekea mapajani, akalowesha shingo na mikono. Nikarudi kwenye usukani, na kwa hasira nikaitwanga dashibodi ngumi, pale chini ya redio. Tukaondoka. Haikupita muda, baridi ikaja. Ikakaa mpaka Port Augusta. Verna akaomba sweta.

Ngumi moja tu.

Daktari amesema moyo umechoka lakini bado unafanya kazi. Dawa mpya, na arudi mwezi ujao. Nimekaa peke yangu kwenye ngazi za hospitali. Nzi wa kule huingia sana machoni.

Jumapili, 18 Januari

Tumerudi salama, baridi njia nzima. Verna alikipakata kiriba mpaka nyumbani, anasema amekizoea. Drago amekuja kuuliza ugonjwa wa gari ulikuwa nini. Nikamwonyesha mahali pa kupiga na jinsi ya kukunja ngumi. Akatazamana na Verna, wakaanza kukohoa wote wawili. Vumbi.

Mbele ya gari sasa pako uchi, aibu hata kuliegesha dukani. Nimeagiza kiriba kingine kutoka Adelaide, kikubwa mara mbili ya kile, kifike kabla ya safari ya mwezi ujao. Kiyoyozi kikisusa tena, ngumi ninayo. Asiyeamini amuulize Verna. Alikuwa kando yangu, kiriba mapajani, akaona yote kwa macho yake.