Nyusi Zangu na Mbawakawa wa Saengla

Jumatatu, 22 Septemba
Nimejiponza! Saengla, fundi wa pancha wa ng'ambo ya barabara, alijigamba dukani kwangu kwamba mbawakawa wake ni dume la haja, pembe kama koleo. Nikamwambia wakipambanishwa, wangu atamng'oa kwenye gogo. Tumewekeana dau: Jumapili, uwanja wa hekalu, atakayeshindwa ananyolewa nyusi. Kinyozi asiye na nyusi! Watawa wa huku hunyoa nyusi, watu watadhani nimeingia utawa.

Jumanne, 23 Septemba
Mbawakawa wangu, Jenerali, ni mdogo. Nikakosa raha. Kaja Mwalimu Phimphan wa fizikia kukatwa nywele. Kasema mnyama akikua mara mbili kila upande, uzito hupanda mara nane, nguvu za miguu mara nne tu. Ndiyo maana siafu hubeba mzigo mzito kuliko mwili wake, na tembo hawezi hata kuruka. Kumbe udogo ndio nguvu! Nimemnyima Jenerali muwa, azidi kupungua.

Alhamisi, 25 Septemba
Jenerali kalala chali. Mwalimu kacheka mpaka machozi: gamba la mbawakawa aliyekomaa halikui wala halisinyai, namuua kwa njaa tu. Nimemrudishia muwa, nikamwomba radhi. Basi nguvu atazitoa wapi? Kasema mwili mdogo hupoa upesi, na misuli ya mdudu ikipoa huzubaa. Mpaka ipate moto. Alitaka kuendelea. Nikamwambia inatosha, Mwalimu, nimeelewa.

Jumapili, 28 Septemba
Nilimpulizia Jenerali mashine ya kukaushia nywele, dakika tano, nyuma ya hekalu. Akaanza kutetemeka. Hasira hizo! Tukawaweka kwenye gogo, ndani ya tundu la gogo jike la kugombaniwa, kila mmoja wetu anasugua kijiti chake kwenye gogo kuwachochea. Jenerali akafungua mbawa, akaruka, akatua kwenye upara wa mkuu wa hekalu. Umati hoi! Na anayeacha gogo kashindwa. Mwalimu akasema ndicho alichotaka kumalizia: mdudu hutetemesha misuli ipate moto ili aruke. Saengla akaazima wembe wangu mwenyewe kuninyoa nyusi, mshenzi yule.

Jumatatu, 29 Septemba
Wateja wawili, wote wamekuja kucheka. Mmoja kanisujudia. Mwalimu kasema nyusi huota polepole, chembe hai moja ikizaa mbili, miezi kadhaa. Chembe! Ndogo kuliko mbawakawa! Si zinahitaji moto tu? Alikuwa bado anaongea nilipoielekeza mashine kwenye paji langu. Nimeshamwita Saengla: Jumapili ijayo tunarudiana, safari hii tumewekeana nywele za kichwa. Paji linawasha, limeanza kuwa jekundu. Dalili njema!