Fanta ya Kufutia Picha

Hebu niambie, harusi ya mwisho uliyokwenda, ulitia nini mkobani? Usijibu. Moubarak naye hakuhitaji jibu, na ndiyo maana alikula vizuri.

Moubarak wa Buyenzi alikuwa na simu kubwa yenye ganda la rangi ya dhahabu, na kamera yake ilikufa siku ilipoanguka mtaroni. Ukiifungua, giza tupu. Mwingine angelia. Yeye aliwaza siku mbili, akapiga pasi shati, akaanza kwenda kwenye harusi asizoalikwa. Huko alichuchumaa, akafumba jicho moja, akainua simu juu ya vichwa vya watu. Kisha alimfuata mtu taratibu, akamnong'oneza kwamba kuna picha imetoka vibaya, si ya kuonyesha watu, na kuifuta kunataka Fanta. Fanta, kwa lugha yake, ilikuwa noti iliyokunjwa.

Hakuna aliyeomba kuiona. Kila mtu aliijua picha yake. Lakini siku giza lile lingejulikana, Moubarak asingekanyaga tena harusi yoyote, kuanzia Buyenzi mpaka Carama, tena kama angekuwa bado na meno.

Ijumaa moja, binti wa fundi magari alipoolewa, mambo yalimnyookea. Bi Elvire alitoa Fanta kwa ajili ya sambusa tisa alizofunga kwenye leso. Herménégilde, karani wa ofisi moja kule Rohero, alitoa Fanta mbili, maana alikuwa ameomba ruhusa kazini akamzike shangazi yake, na hapo alikuwa akicheza na shangazi mwenyewe. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, macho chini, kama wanaopeleka rambirambi.

Kufika alasiri mfuko umevimba. Tamaa ikamsukuma uani, kwa Mama Khadidja, mpishi wa harusi zote za mtaa, aliyekuwa ameinamia sufuria na mwiko mrefu kama jembe. Moubarak akavua viatu mkekani, akainama, akasema kwa sauti ya matanga kwamba simu imemnasa akificha paja la mbuzi kwenye ndoo.

"Paja?" Mama Khadidja akaendelea kugeuza pilau. "Nimeficha mbili. Ni fungu ya mupishi, hata bibi harusi anajua. Leta nione, sura imetoka namna gani?"

Moubarak akasema betri imekwisha. Akaonyeshwa waya wa umeme. Akasema basi, kwa heshima yake, ameshaifuta.

"Umenifuta mbele sijakulipa? We mutoto, biashara gani hiyo?"

Akajifuta vidole kwenye kitenge, akamnyang'anya simu, akabonyeza kama wajukuu walivyomfundisha. Giza. Akaielekeza juani. Giza. Akaielekeza usoni mwa Moubarak.

"Moubarak, simu yako iko kipofu."

Nyuma ya ukuta walikaa watu kama thelathini waliolipia giza. Moubarak alimwita mama, akamwita shangazi, akaahidi nusu ya vyote.

"Apana." Mama Khadidja akavuta vile viatu, vyeusi vya ngozi, ambavyo Moubarak aliazima kwa shemeji yake, akavikalia. "Enda kwa Tajudini, atie kamera mupya. Ukirudi na jicho, utavaa."

Moubarak akaenda peku, lami inachoma. Tajudini, fundi simu, hakujua huruma: alichukua Fanta ya Bi Elvire, na mbili za karani, na zote zilizobaki. Aliporudi mfuko ulikuwa bapa, na kamera ilikuwa inaona mpaka miguu ya nzi.

Mama Khadidja alikuwa amenawa uso, amefunga kilemba cha kijani, ameketi kwenye kiti cha wageni kile chenye kitambaa cheupe. Mwiko ulikuwa chini. Akanyoosha kilemba, kama mtu anayeona haya.

"Miaka makumi tatu napikia harusi za humu," akasema. "Kila nyumba iko na picha ya pilau yangu. Mi simo hata kwenye moja. Sasa jaza sahani, uniletee na mikono mbili, kama vile mi niko mugeni. Halafu upige. Ni hiyo tu nilikuwa nataka."