Bryn Eithin Si Kwetu

Jumatatu, 2 Mei 1927

Ifan, huna haya hata ukiwa kaburini! Miaka arobaini na moja nimekupikia, nimekung'uta vumbi la machimbo kwenye mashati yako, nimekushika mgongo ukikohoa mpaka pumzi ya mwisho. Halafu tuni yako moja tu inayochapishwa unaipa jina la kwao Lowri!

Gwilym, kiongozi wetu wa uimbaji, alitangaza jana kanisani. Tuni ya marehemu Ifan itaimbwa kwenye Sikukuu ya Nyimbo, makanisa tisa pamoja. Nikanyoosha shingo kama bata bukini. Akasoma jina: Bryn Eithin. Shamba la baba yake Lowri! Kanisa zima likageuka kumtazama Lowri. Si mimi mjane. Lowri! Akarekebisha kofia.

Kwetu hapa tuni haiitwi kwa maneno ya wimbo. Mtunzi huipa jina alipendalo: kijiji, shamba, mtu aliyemkaa moyoni. Mimi basi nilimkaa wapi? Tumboni?

Jina litabadilika. Itaitwa Marged, jina langu. Kwa herufi kubwa.

Jumanne, 3 Mei

Nimempelekea Gwilym mkate wa zabibu. Nikamwambia Ifan kabla hajafa aliagiza jina libadilishwe. Akauliza alisema kwa maneno gani. Nikasema kwa macho. Akatafuna, akafuta mdomo, akaniambia, "Bibi Marged, macho hayapelekwi kwa mchapaji." Vipande vitatu kala! Vitatu!

Si kitu. Karatasi yenyewe imo kabatini, chumba cha nyuma cha kanisa. Na kesho zamu ya kufuta mabenchi ni yangu.

Jumatano, 4 Mei

Mabenchi sikuyafuta. Nimeichukua karatasi, nimeinakili upya nyumbani. Shule niliacha na miaka tisa, lakini sol-fa, muziki wa kuandikwa kwa herufi, tulifundishwa sote Shule ya Jumapili. Herufi za noti nazijua kuliko watoto wangu. Macho ndiyo yamechoka, nikavaa miwani ya Ifan. Bado ina harufu ya tumbaku yake. Ikabidi niivue, niifute. Jikoni kulikuwa na moshi.

Juu kabisa nikaandika MARGED. Jina zuri mno! Nakala nimeirudisha kabatini. Ile ya Ifan nimeifukia kwenye pipa la unga.

Alhamisi, 5 Mei

Aibu! Aibu tupu!

Jioni mazoezi. Gwilym akaandika tuni ubaoni kutoka kwenye karatasi yangu, herufi kwa herufi, huku anapiga soga. Sasa, noti ya chini huwekwa kialama mguuni. Noti ya juu, kichwani. Ndani ya miwani ya Ifan mguu na kichwa ni kitu kimoja. Sauti nzito zote nimezitia alama kichwani!

Wanaume wapasua mawe wakaanzia kule wanakoimba wasichana. Mzee Tudur akawa mwekundu kama nyanya, akalia kama jogoo aliyekanyagwa, meno ya bandia yakamruka hadi kwenye benchi la wazee wa kanisa.

Gwilym akaichunguza karatasi. Akauliza nani ameichezea. Nikasema panya. Akauliza tangu lini panya wanajua kuandika Marged.

Wakacheka wote. Lowri alicheka mpaka akashika nguzo. Nimetoka bila shali yangu.

Ijumaa, 6 Mei

Lowri kaja na shali. Nikamwambia kupitia mlango uliofungwa achukue shamba lake, achukue na tuni yake, aende.

"Fungua, we mwanamke mkaidi! Mvua yote inaniishia mimi."

Nikafungua kwa ajili ya shali tu. Akakaa bila kukaribishwa. Akauliza kama nakumbuka siku ya kukata kondoo manyoya kwao, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Eti nilipanda ukutani kuwaita wanaume waje kula. Nikamwambia nimeita watu kula maisha yangu yote, ana habari gani mpya?

Akasema, "Nyamaza usikie." Akaimba mstari wa kwanza wa tuni ya Ifan, polepole, ila kwa maneno mengine: njooni, njooni, chakula tayari. Sauti inapanda, inakaa, inateremka. Ndivyo ninavyoita. Ndivyo nilivyomwita Ifan kila siku, na sikuwahi kujisikia.

Kumbe siku ile Ifan aliposikia aliangusha mkasi. Kondoo akamponyoka, akakimbilia mlimani na manyoya nusu. Kisha kila Jumamosi, kiangazi chote, Ifan akawa anakwenda Bryn Eithin.

"Na mimi nikawa nasuka nywele kila Jumamosi, Marged. Naye akawa ananiuliza kama yule msichana wa ukutani atakuja tena."

Akatazama ndani ya kikombe chake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Nikamkatia mkate kipande kinene, nikapaka siagi pande zote mbili. Nikaitoa karatasi kwenye pipa, nikaipuliza unga.

Jumapili, 22 Mei

Makanisa tisa. Hata ngazi zimejaa watu. Bryn Eithin, jina ni lile lile. Gwilym aliturudisha kwenye ubeti wa mwisho mara tatu. Mzee Tudur alishuka chini kabisa, na meno yake mdomoni. Lowri alinishika mkono, au nilimshika mimi. Niliita, Ifan, na makanisa tisa yakaita nami.

Sikulia. Mafua.

Jumatatu, 23 Mei

Nimekuwa mtu mwingine. Nimemwambia Gwilym jina la tuni si kitu, mtu mzima hagombani kwa hilo. Nusura aanguke kwenye kiti. Akaomba tuni nyingine ya Ifan kwa mwaka ujao. Nyumbani nikafungua sanduku la Ifan. Ipo! Imekamilika, mwandiko safi. Juu yake jina: Tyddyn Helyg.

Tyddyn Helyg! Shamba la ng'ambo ya mto! Nani alikuwa akiishi pale? Siân mwenye nywele nyekundu! Siân aliyeimba sauti ya pili! Ifan, wewe!

Gwilym asiione karatasi hii. Lowri, kesho saa mbili asubuhi uwe mlangoni kwangu, tunavuka mto. Vaa viatu vya matope. Na usisuke nywele.